Kabla ya Mgeni Rasmi

Mwalimu Fondo alipomwambia aketi, Linet alijua kuna jambo. Katika ofisi ile wazazi waliketi, wakaguzi waliketi, hata muuza chaki kutoka Mombasa aliketi akanyweshwa chai. Wafanyakazi wa bodi ya shule walisimama karibu na mlango, wakasema yaliyowaleta, wakaenda zao. Linet alikuwa mkutubi wa Shule ya Wasichana ya Mwarunga kwa miaka sita, na kiti kile alikijua kwa kukitazama tu. Akaketi kwenye ukingo wake, mikono juu ya magoti.

"Mama Fridah," Mwalimu Mkuu alianza, meno yote nje, "wewe ni mtu wa bahati."

Ilikuwa Septemba, na zile ghasia za Agosti, za kuwafukuza watu wa bara kutoka pwani, zilikuwa bado mbichi vichwani mwa watu. Watu wa bara kama Linet walikuwa wamelala makanisani na kwenye vituo vya polisi. Watalii walikuwa wamekimbia, hoteli za Diani zikafunga milango moja baada ya nyingine, na mumewe Gerishom, aliyekuwa mhudumu wa baa, alikuwa amemwaga unga pamoja na wenzake wote. Kama hiyo ndiyo bahati, basi alikuwa ameionja ya kutosha.

"Kuna mama mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akija likizo huku kila mwaka," Mwalimu Fondo aliendelea. "Ametupa kompyuta nane. Nane, mama! Zimeshafika bandarini. Nitajie shule nyingine kusini huku yenye hata moja."

"Hongera, mwalimu."

"Ngoja kwanza." Akainama mbele, akapunguza sauti. "Nitakuambia siri ya bodi, nawe usiitoe nje. Karo haziingii. Wazazi wengi walikuwa wa hotelini. Bodi imekata kauli kupunguza watu mwisho wa mwaka, na kazi ya kwanza waliyoitaja ni ya maktaba. Mwenyekiti mwenyewe, Mzee Rai, ameuliza wazi: mtu wa kulinda vitabu ni wa nini, vitabu hutoroka?"

Linet hakuwaza mshahara kwanza, alimwaza bintiye Fridah. Pale Mwarunga mtoto wa mfanyakazi alitozwa nusu karo, na hiyo nusu ndiyo waliyoimudu kwa jasho na machozi. Fridah alikuwa kidato cha pili, msichana mwenye akili zake. Kazi hii ikipotea, shule nayo imekwenda.

"Lakini mimi nimekutetea," Mwalimu Fondo alisema, akajipigapiga kifuani. "Nimewaambia, huyu mama ana cheti cha ukutubi, ana mpango, ana adabu. Mpeni kompyuta. Mkutubi anaweza kufutwa. Kiongozi wa Teknolojia nani atamfuta?"

Alilitamka jina hilo polepole, kama fundi anayemvisha mteja kanzu mpya mbele ya kioo.

"Mwalimu, mimi kompyuta sijaigusa maishani mwangu."

"Nani ameigusa? Mimi nimeigusa? Utajifunza. Zikishafunguliwa na mgeni rasmi, bodi itakaa ikuandike kazi ya kudumu. Mzee Rai amekubali mbele yangu. Masharti yenyewe ni mawili tu. La kwanza, tunahitaji chumba cha maktaba. Ndicho pekee chenye dari na nondo madirishani. Vitabu vitahamia ile stoo ya kuni kwa muda. La pili, mtu yeyote asiwashe kitu kabla ya mgeni rasmi. Huwezi kumwita mkubwa aje kufungua kitu ambacho watu wameshakichezea. Ni kumdharau."

Na hapa Mwalimu Fondo asionewe bure, maana hili halikuwa lake peke yake. Nchi ile nzima ilikuwa hivyo: kitu kisichofunguliwa hakikuwa kitu bado. Kulikuwa na bomba la maji katika kijiji kimoja nyuma ya Kombani lililokaa na kufuli masika yote, akina mama wakilipita na ndoo kichwani kwenda kisimani, kwa sababu mkubwa wa kulifungua alikuwa safarini. Hakuna aliyelivunja kufuli lile. Hakuna aliyeona ajabu. Linet mwenyewe hakuona ajabu. Aliitikia kwa kichwa, akasema ahsante mara mbili, akatoka nje akiwa Kiongozi wa Teknolojia.

*

Linet, mumewe na Fridah walikuwa wamepanga chumba kimoja Ukunda, katika nyumba ya Bibi Shutu, mwanamke wa Kidigo aliyekuwa akiuza viazi karai barazani kwake. Ndiye aliyewaficha chumbani mwake siku zile za Agosti. Aliketi kizingitini na mkongojo wake, akawaambia vijana waliopita kwamba humo ndani mna mzazi aliyejifungua juzi, mwanamume asikanyage. Tangu Gerishom apoteze kazi alikuwa akimsaidia kumenya viazi na kukoroga unga. Mtu aliyezoea tai nyeusi, aliyejua kusalimu wageni kwa Kijerumani na Kiitaliano, sasa alikaa juu ya kibao cha mbuzi, kanga ya Bibi kiunoni.

"Kiongozi wa nini?" aliuliza.

"Wa teknolojia."

"Na mshahara?"

"Ule ule kwanza."

"Kwanza mpaka lini?"

"Mpaka ufunguzi. Baada ya hapo bodi inaniandika kazi ya kudumu."

Gerishom alicheka puani. "Wamekuvika kilemba cha ukoka, mama. Sisi pale hotelini walitupa vyeti vya mfanyakazi bora mwezi ule ule waliotufukuza."

"Kilemba hicho ndicho kitakachomsomesha mtoto wako," Linet alimrukia. "Wewe una kipi cha kumsomeshea? Maganda?"

Mafuta yalichemka kwenye karai peke yake. Gerishom aliitazama mikono yake, akaendelea kumenya, na Linet akatamani ayarudishe maneno yake mdomoni.

"Mwanangu," Bibi Shutu alisema bila kuinua macho, "usimvue mumeo nguo barazani. Kazi ndiyo iliyomkimbia, yeye hakuikimbia kazi. Mwombe radhi."

"Niwie radhi, Baba Fridah."

"Yamekwisha," Gerishom alisema, ingawa hayakuwa yamekwisha.

Fridah alikuwa ameketi kwenye mkeka, daftari la hesabu mapajani. Alikuwa amesikiliza yote. "Mama," akauliza, "na vitabu je?"

"Vitakaa stoo kwa muda."

"Stoo ile inavuja."

"Itazibwa."

Msichana alimtazama mamake. "Mwaka jana ulinifinya sikio kwa sababu nilikunja ukurasa," alisema. Kisha akarudi kwenye hesabu zake.

*

Vitabu vilihamishwa Ijumaa mchana. Wasichana walipanga mstari kutoka maktaba hadi nyuma ya jikoni, wakapitishiana vitabu mkono kwa mkono kama wanaopitishiana matofali. Linet alisimama stoo akivipokea na kuvipanga juu ya mbao, akijaribu kufuata namba zake: historia huku, sayansi kule, riwaya karibu na mlango. Kufikia saa kumi alikuwa ameacha kufuata namba. Mwalimu wa hesabu alipita na kikombe cha chai, akasimama kumtania. "Shikamoo, Mama Teknolojia! Usitusahau sisi wa chaki." Walimu wenzake wakaangua kicheko. Linet naye alicheka, kwa kuwa asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi.

Kompyuta ziliwasili kwenye lori la saruji. Zilipangwa juu ya meza kuzunguka ukuta, na wasichana wa Sayansi Kimu wakazishonea vitambaa vyeupe vyenye maua ya waridi kila pembe. Viatu vilivuliwa mlangoni. Madirisha yalifungwa kwa amri, vumbi lisiingie, na upepo wa bahari usiingie. Kisha Mwalimu Fondo alikuja na utepe mwekundu wa hariri alioununua Mombasa, akauzungusha juu ya vitambaa kutoka kompyuta hadi kompyuta, fundo kila moja, apate mgeni rasmi kuukata kwa mkasi mmoja. Utepe ulitosha kompyuta saba. Ya nane, iliyokuwa pembeni nyuma ya mlango, haukuifikia.

"Si neno," alisema. "Hiyo haitaonekana."

Kibao cha marumaru nacho kilichongwa, chenye jina la mgeni rasmi, Mheshimiwa mbunge, na tarehe ya Oktoba, kikapachikwa ukutani kwa saruji. Linet aliomba bati mbili tu za stoo kutoka pesa zile zile za kibao. Akaambiwa baada ya ufunguzi.

Oktoba Mheshimiwa hakuja, alikuwa kwenye kampeni. Novemba hakuja. Desemba kura zikapigwa, na Mheshimiwa akaanguka kwa kishindo. Sasa kibao kilikuwa na jina la mtu asiyetakiwa kutajwa. Fundi akaletwa kukibandua, kikavunjika, kingine kikaagizwa chenye jina la Mheshimiwa mpya. Huyo naye alikuwa na mengi ya kufungua kabla ya kufika Mwarunga.

Na mvua hiyo! Ilikuwa mvua ya El Nino, ambayo waliokuwapo hawahitaji kuelezwa. Ilianza kabla ya Krismasi na ikaendelea mwaka mpya kama haijui kalenda. Barabara ya Msambweni ikakatika, mihogo ikaoza ardhini, na choo cha shule kikatitia. Stoo ya kuni ilivuja kwenye historia kwanza, ikaja kwenye sayansi, kisha haikuchagua tena. Linet alitandaza magunia juu ya vitabu. Aliomba turubai, akaambiwa baada ya ufunguzi. Alivileta vingine darasani kuvianika, akaambiwa anachafua darasa.

Asubuhi moja ya Februari aliingia jikoni kutafuta maji ya moto, akamkuta Mama Katana, mpishi mkuu, amechuchumaa mbele ya meko akichana jiografia.

"Mama Katana! Hicho ni kitabu cha maktaba!"

"Kilikuwa, mwanangu. Hebu kitazame." Mama Katana alikinyanyua. Kurasa zilikuwa zimegandana na kuvimba, ukungu wa kijani umekula jalada lote. "Hakisomeki, hiki. Nimekikausha juu ya jiko tangu juzi. Kuni zote zimelowa na watoto wanataka uji. Niambie basi, niwashe nini?"

Linet alisimama pale na birika mkononi. Angeweza kwenda ofisini kupiga kelele. Angeweza kumwandikia yule mama wa Kijerumani. Lakini Januari bodi ilikuwa imepunguza watu kweli, ikawafuta matarishi wawili na mshonaji, na yeye akaachwa, Kiongozi wa Teknolojia asiyeongoza kitu. Fridah alikuwa ameingia kidato cha tatu kwa nusu karo. Akajaza birika lake, akatoka. Njiani alilia, na hakulilia vitabu peke yake. Alijililia yeye, jinsi alivyokuwa mwepesi wa kunyamaza.

*

Hofu ilimjia Aprili, wakati wa likizo. Ufunguzi ulikuwa umepangwa tena, safari hii Juni, na Mwalimu Fondo alimwambia kwa furaha kwamba Mheshimiwa akishakata utepe, Kiongozi wa Teknolojia ataziwasha zote na kumwonyesha namna zinavyofanya kazi. "Dakika tano tu. Umuonyeshe maajabu."

Maajabu gani? Linet hakujua hata pa kubonyeza. Alikuwa na kijitabu cha Kiingereza kilichokuja ndani ya sanduku, akakisoma mpaka akakikariri, lakini kusoma kuogelea si kuogelea. Alijiona mbele ya watu wote, Mzee Rai safu ya kwanza, yeye akibonyeza ovyo mashine isiyomjibu. Bodi ingemfuta kabla Mheshimiwa hajamaliza soda.

Basi mchana mmoja shule ikiwa tupu, aliingia, akavua viatu, akafunga mlango kwa ndani. Chumba kilinuka unyevu. Misumari ya meza ilikuwa imeota chumvi nyeupe. Alizitazama zile saba chini ya utepe wake, mafundo yote mahali pake, wala hakuthubutu. Akaitazama ya nane nyuma ya mlango. Hii haimo ndani ya utepe, alijiambia. Hii hata Mwalimu Fondo alisema haitaonekana. Akaondoa kitambaa, akachomeka stima, akabonyeza.

Kompyuta ilikohoa. Linet aliruka nyuma akagonga mlango. Kisha kioo kikawa cheusi, kikaandika maneno meupe mbio mbio, na mwishowe kikatulia kikiwa na rangi ya bahari. Alisimama mkono kifuani. Hakuna kengele iliyolia, hakuna aliyekuja. Akavuta kiti. Ilimchukua mchana wote kuandika jina moja kwa kidole kimoja: Fridah. Aliposoma alichokiandika alicheka kwa sauti, peke yake, na kumbukumbu ya mara ya mwisho kucheka hivyo hakuwa nayo.

Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata, na shule ilipofunguliwa aliendelea kila wasichana walipokuwa michezoni. Alimwambia Gerishom, maana kukaa na jambo lile peke yake kulimshinda.

"Una wazimu?" Gerishom alishtuka. "Unajipalia makaa. Si walisema isiguswe?"

"Na nikiitwa mbele ya watu nisijue pa kuanzia, je?"

Gerishom alifikiri. "Siku yangu ya kwanza baa," alisema, "nilimmwagia Mjerumani bia suruali nzima. Nikataka kumpangusa, kumbe nashika pasiposhikwa."

Walicheka mpaka Bibi Shutu akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Ulikuwa muda mrefu tangu wacheke pamoja chumbani mle.

*

Juni Mheshimiwa alikuja kweli, akachelewa kwa saa nne nzima, wasichana wamesimama juani na bendera za karatasi. Kulikuwa na hema mbele ya mlango wa chumba cha kompyuta, ngoma ya sengenya ilichezwa, zikafuata sala ya padri na dua ya maalimu. Walimu walivaa suti. Fundi wa kompyuta, kijana mpole aitwaye Abdurahman, alikuwa ameletwa kutoka Mombasa ili asimame karibu kama pana haja, lakini hata yeye alizuiwa kuingia kabla ya utepe. Linet alivaa gauni la kuazima. Gerishom alikuwa nyuma ya hema pamoja na wazazi, amevaa tai yake nyeusi ya zamani.

Mheshimiwa alikata utepe mara saba, kila fundo na makofi yake. Vitambaa vya maua ya waridi viliondolewa. "Haya," Mwalimu Fondo alisema, sauti imejaa, "sasa Kiongozi wetu wa Teknolojia atatuonyesha."

Linet alibonyeza ya kwanza. Kimya. Alidhani amekosea, akabonyeza tena. Akaenda ya pili. Ya tatu ilitoa harufu ya kuungua na cheche moja, watu wa mbele wakarudi nyuma. Ya nne kimya, ya tano kimya. Jasho lilimtiririka mgongoni ndani ya gauni la watu. Alipofika ya saba hakusikia tena kitu ila viatu vya Mheshimiwa vikigongagonga sakafu.

Akaenda ya nane, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Kompyuta ilikohoa, ikaamka, kioo kikawa na rangi ya bahari. Watu wakapiga makofi. Linet aliandika kwa vidole vyote, haraka: Karibu Mwarunga, Mheshimiwa. Makofi yakazidi, na kwa kitambo kidogo alidhani ameokoka.

"Na hizi nyingine?" Mheshimiwa aliuliza.

Abdurahman alikuwa ameshafungua mfuniko wa moja kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kutu ya rangi ya matofali na kiota cha sisimizi. "Zimekufa, mzee," alisema. "Chumvi na unyevu. Zimekaa karibu mwaka bila stima."

"Na ile?"

"Ile imepona kwa kuwa inatumika. Ikiwaka inapata joto, unyevu hautulii ndani." Kijana alimwelekea Linet akatabasamu, akidhani anamsifu. "Huyu mama amekuwa akiiwasha, naona. Amefanya vizuri."

Hakuna aliyetabasamu. Mwalimu Fondo aligeuka polepole. "Uliiwasha? Kabla ya mgeni rasmi?"

Linet angeweza kukana. Lakini vidole vyake kumi vilikuwa bado juu ya herufi, na kila mtu alikuwa ameviona vikikimbia. "Haikuwa ndani ya utepe, mwalimu," alisema. "Nilitaka kujifunza nisiwaaibishe."

Mheshimiwa alicheka, kicheko cha mtu mwenye safari nyingine. "Kumbe mimi nimeitwa kufungua mlango ulio wazi! Nimekata utepe wa maiti, na aliye hai ameshafunguliwa na mkutubi!" Waliojaa chumbani na waliokuwa hemani wakaangua kicheko. Mzee Rai peke yake hakucheka, alitazama chini na kutafuna mdomo. Chakula kilikuwa tayari, pilau na mbuzi, lakini Mheshimiwa hakukaa kula.

*

Bodi ilikaa Jumatatu. Linet alisimama barazani kwa muda mrefu akisikia sauti zao, kisha akaitwa, akasimama karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia aketi.

"Mama," Mzee Rai alisema, na hakuwa na ukali, hilo ndilo lililotisha, "sisi hatuzungumzii kompyuta kufa. Kitu cha chuma hufa. Mjerumani atatupa nyingine, insha Allah. Tunazungumzia heshima. Ulimfanya mkubwa wa watu achekwe mbele ya wake zetu na watoto wetu."

"Mzee wangu, kama ningeziwasha zote, leo zingekuwa hai zote."

"Unaona?" Mzee Rai aliwageukia wenzake. "Hata hajutii."

"Ninajuta," Linet alisema upesi. "Wallahi, ninajuta, mzee." Hakuwa Mwislamu, wala hakujua kiapo kile kimetoka wapi. "Nisameheni. Nina mtoto kidato cha tatu."

"Sote tuna watoto," mjumbe mmoja alisema.

Mwalimu Fondo alisoma uamuzi. Cheo cha Kiongozi wa Teknolojia kimesimamishwa mpaka apatikane mtu mwenye nidhamu. Kompyuta iliyobaki itafungwa utepe, na chumba kufungwa, mpaka Mheshimiwa apatikane kuja kuifungua ipasavyo, ili kuondoa ile aibu. Ufunguo uwekwe mezani.

Linet aliuweka mezani. Kisha akajikaza, akasema lile alilokuwa amelibeba tangu siku ya ufunguzi, ambalo Gerishom alimhimiza alale nalo aamke nalo. "Basi, mwalimu, nirudishieni kazi yangu ya zamani. Sitaki cheo. Nirudi maktaba tu, kwa mshahara wowote."

Wajumbe walitazamana. Mwalimu Fondo alivua miwani akaifuta kwa tai, na kwa mara ya kwanza alionekana kama anayemwonea haya.

"Maktaba ipi, Mama Fridah?" alisema. "Si uliitoa wewe mwenyewe?"

Alitoka. Jua lilikuwa kali, na wasichana walikuwa mapumzikoni, wakanyamaza kila alipopita. Walikwisha kujua, habari ya namna ile haihitaji miguu. Fridah alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, sare yake imepigwa pasi vizuri, mikono nyuma. Hakulia. Alimtazama mamake usoni akasoma yote yaliyokuwapo.

"Mama," aliuliza, "kesho nije?"

Linet alimtengenezea kola ya blauzi iliyokuwa imekaa sawa tayari. "Njoo," alisema. "Uje kesho, na kesho kutwa. Ukae darasani mwako usome. Usitoke kwa kuambiwa na wenzako wala kwa kuona haya. Usitoke mpaka wakutoe wao."

Walimtoa Alhamisi, katikati ya somo la historia.